Ismenia na ng'ombe aliyeacha kuitika

Giza bado limekaa juu ya zizi la shamba la El Mararay, na Ismenia Guanay anavua viatu. Anavitundika kwenye nguzo ya lango, anakunja sketi, anajifunga kamba ya kukamia kiunoni, kisha anakohoa kidogo kusafisha koo. Upande wa pili wa uzio ng'ombe wamesimama kimya, wengine wamelala. Kwenye banda dogo la miti, ndama wanalia njaa.

"Wivu," anaimba. Sauti inaanzia juu, inakaa hukohuko, halafu inateremka bila haraka. "Wivu, Wivu, mama wee, toka huko uje huku."

Ng'ombe mmoja mwekundu ananyanyuka, anajinyoosha, anapenya katikati ya wenzake mpaka langoni. Wengine hawajisumbui, kwani hawakuitwa wao. Bandani nako ndama mmoja tu amesogea mlangoni, na ndiye anayefunguliwa na Crisanto Unda, binamu yake Ismenia, mzee mwenye kofia iliyochoka kuliko yeye.

Ndama ananyonya kidogo mpaka maziwa yashuke. Anafungwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake, na Ismenia anachuchumaa na ndoo. Anaimba huku anakama. Akinyamaza, maziwa yanakatika. Akiendelea, yanakuja.

Ndivyo wanavyokama kwenye nyika hizi za Casanare, mashariki ya Kolombia. Baada ya Wivu anaitwa Wambea, halafu Kesho Tena, halafu Bibi Harusi, na kila mmoja anatoka kundini kwa zamu yake mpaka ndoo zinajaa. Kisha Ismenia anavuta pumzi na kuita jina la mwisho.

Hainihusu, mama wee,
sogea nikukamue,
ndama yuko mlangoni,
njoo sasa umnyonyeshe.

Hakuna anayekuja. Kule nyuma, karibu na birika la chumvi, ng'ombe wa kijivu mwenye pembe moja iliyopinda anaendelea kucheua. Masikio ameyageuzia langoni, kwa hiyo amesikia. Ameamua tu kutokuja.

"Umemwita jina hilo," Crisanto anasema, "naye amekujibu."

"Fungua ndama. Wacha maneno."

Crisanto anafungua. Ndama anakata zizi mbio, anamfikia mama yake na kuanza kunyonya kwa pupa, mkia ukicheza. Ismenia hachukui hata tone. Anasimama akitazama mpaka ndama ashibe, halafu anavaa viatu vyake na kubeba ndoo.

Ni zaidi ya mwezi sasa anafanya hivi kila siku. Anaita, anakataliwa, anamwachia ndama maziwa yote, anaondoka. Anataka ng'ombe huyo aitike tena jina lake. Asipoitika, Ismenia anaamini wengine watamfuata mmoja mmoja, na kukama kwa kuimba kutakuwa kumefia mikononi mwake.

Mwandishi wa makala haya alipomuuliza, wakiwa bado zizini, kisa hasa cha Hainihusu ni nini, mama huyo alimziba mdomo kwa kiganja kinachonuka maziwa.

"Hapa hatajwi," alinong'ona. "Twende jikoni."

*

Jikoni kuna kahawa nyeusi, mkate wa mahindi na jibini ya jana. Ismenia, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, anazungumza huku akikanda jibini ya leo. Hata humu ndani, mita nyingi kutoka kwa ng'ombe, bado anamwita "yule", na jina lenyewe analitamka mara moja tu, kwa kunong'ona.

Jina la yule lilitokana na ugomvi. Wifi yake alimletea habari za mitaani kuhusu mumewe, habari ambazo Ismenia hakuziomba. Siku hiyohiyo ndama alizaliwa.

"Nikampa jina Hainihusu. Alipokua na kuzaa, nikawa namwita kila alfajiri kwa sauti yangu yote. Nyumba ya wifi ilikuwa pale ng'ambo ya kijito. Anasikia, afanyeje?" anasema na kucheka. "Mwisho akahama."

Majina ya ng'ombe wa nyika ndivyo yalivyo. Mengine ni sifa, mengine ni mapenzi, mengine ni vijembe vinavyopigwa kabla jua halijatoka, na hakuna wa kushtakiwa maana ng'ombe ndiye aliyeitwa. Wivu na Wambea nao wana watu wao. Wenyewe wapo hai na wanajijua, anasema Ismenia, na jina la mtu hatoi.

Alizaliwa hapahapa El Mararay. Mama yake, Domitila, alikuwa mkamaji wa shamba, na ndiye aliyemkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwambia asikilize. Shule alisoma miaka miwili. Nyimbo hakufundishwa kwa siku maalumu, zilimwingia tu pamoja na harufu ya zizi.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Mtamba akizaa mara ya kwanza, anaitwa jina lake kila alfajiri na papo hapo anafunguliwa ndama. Jina, ndama. Jina, ndama. Baada ya majuma kadhaa ng'ombe hahitaji kumwona mwanawe. Akisikia jina, maziwa yanashuka yenyewe.

"Jina linafika kwenye kiwele kabla ndama hajafika," anaeleza. "Mashine haiwezi hilo. Mashine inavuta tu."

Mashine zipo. Mashamba mengi ya jirani yamezinunua, na mengine yameacha kabisa kukama. Kati ya mashamba aliyoyajua akiwa msichana, Ismenia anasema mkamaji anayeimba amebaki hapa na kwenye shamba moja ng'ambo ya mto, na huyo wa ng'ambo ni mkongwe kuliko yeye.

Nyimbo hizi za kazi ziliwekwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ismenia alizipata habari hizo kwa mtangazaji wa redio. "Nikasema vizuri," anakumbuka. "Halafu nikaenda kukama."

*

Aliyewaleta wageni El Mararay ni Fabián Barragán, kijana wa miaka thelathini na mitatu, mwana wa mwenye shamba. Alirudi kutoka Bogotá baba yake alipofariki. Shamba sasa ni lake na dada zake wawili, na dada hao hawafichi kwamba wangependa ardhi ikodishwe kwa wakulima wa mpunga na ng'ombe wauzwe.

Fabián aliomba apewe nafasi. Akakarabati vyumba vya zamani vya wachungaji, akavitia vyandarua na feni, akatafuta wageni. Wanakuja kuona kapibara, wale panya wakubwa wa majini, mamba na kwarara wekundu wanaotua kwenye madimbwi wakati wa kiangazi. Fedha zao ndizo zinazonunua chumvi na chanjo. Bila wageni, anasema, hesabu za shamba hazikubali.

Wageni hao ndio waliouliza nani anaimba alfajiri. Walikuwa wanamsikia wakiwa vitandani, nusu usingizini. Wachache walijaribu kuamka wakashindwa. Fabián akapata wazo. Je, Mama Ismenia angeweza kuimba jioni, baada ya chakula, pale kwenye uzio wa nyumba, kwenye taa?

Ismenia hakubembelezwa. Alikubali palepale, na hapendi watu waseme vingine.

"Nilipenda. Kwa nini niseme uongo?" anasema. "Maisha yangu yote naimbia matako ya ng'ombe. Leo watu wamekaa kwenye viti, wamenyamaza, wananitazama mimi. Wananipigia makofi. Nilinunua gauni, tena la maua."

Malipo ya jioni moja yalizidi ya asubuhi tatu za kukama. Hilo nalo alilipenda, lakini anasema makofi aliyapenda zaidi.

Kwa usiku wa kwanza aliuchagua wimbo wa Hainihusu kwa sababu ya kisa cha wifi. Alijua kingewachekesha, na kweli kiliwachekesha. Ng'ombe walikuwa mbali malishoni, naye hakuwa na wazo lolote juu yao. Akaanza kuimba.

Hakumaliza ubeti wa pili. Kutoka gizani alitokea yule wa kijivu, anakuja kwa mwendo wa mchakamchaka, kiwele kinayumba, mpaka kwenye uzio. Akaingiza kichwa katikati ya mbao na kumtazama Ismenia. Bandani ndama wake alikuwa akilia, maana jioni ndama hutengwa ili maziwa ya alfajiri yapatikane. Maziwa yakaanza kudondoka chini yenyewe.

Wageni waliinuka vitini. Mama mmoja kutoka Uhispania alitokwa na machozi. "Nami nikajiona nimefanya jambo kubwa," anasema Ismenia.

Crisanto alikuwa bandani akimshika ndama. Wageni walipokwenda kulala alimjia.

"Binamu, yule umemwita wa nini?"

"Nilikuwa naimba tu."

"Yeye hajui kuimba tu."

Ismenia alimwambia akalale, kelele zimezidi.

*

Kiangazi kizima jioni ziliendelea. Hainihusu akawa maarufu. Picha yake, na ile pembe iliyopinda, ikawekwa kwenye ukurasa wa shamba, na wageni wakawa wanafika wakimuulizia kwa jina. Mara nyingine Ismenia alimwongeza Wivu, kwa kuwa wawili wakija pamoja makofi yalikuwa makubwa.

Kisha yule wa kijivu akaanza kuchelewa. Akiitwa jioni, anakuja taratibu. Baadaye akawa anafika katikati na kusimama. Chuchu yake moja ikavimba, ikawa ya moto, ikatoa maziwa yenye mabonge. Daktari wa mifugo kutoka mjini akamchoma sindano na kuacha dawa, na kiwele kikapona.

Lakini alfajiri moja Ismenia alipomwita ili amkame, hakuja. Kesho yake pia hakuja. Siku ya tatu Wivu naye alisita langoni, akageuza kichwa kumtafuta mwenzake, ndipo akaingia.

Ismenia alitafuta mchawi kila mahali. Kwanza alisema ni jicho baya la wageni, akamfunga ng'ombe uzi mwekundu kwenye pembe. Haikusaidia. Akasema ni mwanga wa simu zao. Halafu akasema ni tumbaku ya Crisanto, ng'ombe amechoshwa na moshi. Crisanto, ambaye hakuacha kuvuta hata kwenye mazishi ya mama yake mzazi, aliacha juma zima kwa ajili ya ng'ombe, na masimango yake yanasikika mpaka leo.

"Juma zima," anasema tena, akipita jikoni kuchukua kahawa. "Na hakuniomba radhi."

"Nilikuomba."

"Lini? Uliniambia 'haya vuta'. Hiyo ndiyo radhi?"

Jibu Ismenia alilipata mwenyewe. Jioni moja alifika kwenye uzio mapema, viti bado vitupu, jua halijazama. Mahali yule alipozoea kusimama palikuwa hapana nyasi tena. Udongo ulikuwa na madoa meupe yaliyokauka, na siafu wametengeneza njia mpaka hapo.

"Nilisimama pale nikaona aibu," anasema, na mikono yake inaacha kukanda. "Maziwa yale yalikuwa ya mwanawe. Nimeyamwaga mimi, kwa mdomo. Nilikuwa namwambia mwanao yuko mlangoni, anakuja, hayupo. Kesho namwambia tena. Ningekuwa mimi ningeacha kuja siku ya pili."

Akamkumbuka mama yake. Domitila hakuruhusu mtoto yeyote kutaja kwa mchezo jina la ng'ombe anayekamwa. Ukilitaja, unapigwa kofi la mdomo, tena bila maelezo. Ismenia alikua akidhani ni adabu tu, kama vile kutomnyooshea mtu kidole. Hakujua kuwa ilikuwa sehemu ya kazi.

*

Jioni ileile wageni walipoketi, Ismenia alikuja na gauni lake la maua, akasema, "Leo siimbi," na akarudi jikoni. Fabián aliwapeleka wageni kutazama nyota. Aliporudi, alimkuta ameketi karibu na jiko. Wote wawili wanasimulia mazungumzo hayo kwa namna moja, jambo ambalo si la kawaida kwa watu waliogombana.

"Mama Ismenia, wageni hawa wamelipa kwa ajili yako."

"Warudishie."

"Na chumvi? Na chanjo? Dada zangu wanangoja nishindwe tu. Wakiuza ng'ombe utamwimbia nani, mpunga?"

"Na ng'ombe wakiacha kuniitika wageni utawaonyesha nini, mwanangu? Kidakatonge changu?"

Fabián alikaa chini. Akapendekeza aimbe bila majina. Ismenia alijaribu kwa jioni mbili. Sauti ilikuwa ileile, maneno matamu yaleyale, lakini bila jina wimbo haukuwa na pa kuelekea. Ilikuwa kama kubisha hodi bila kusema wewe ni nani. Ng'ombe hawakuinua vichwa, na wageni nao walianza kutazama simu zao.

"Hata mimi nilipiga miayo," anakiri Ismenia.

Ukiwasikiliza wote wawili, ni vigumu kusema nani alikosea. Bila wageni, kundi linauzwa na wimbo unakwisha kwa kukosa ng'ombe. Wimbo ukiendelea kuwadanganya ng'ombe, unakwisha kwa kukosa wa kuitika, na kinachobaki ni mama mmoja na gauni la maua. Walikaa hivyo siku kadhaa, wakisalimiana kwa adabu nyingi kuliko kawaida.

Aliyelimaliza suala ni Crisanto, tena bila kuacha kukata tumbaku yake.

"Waimbie waliokufa," alisema.

"Waliokufa hawaji."

"Si ndiyo maana yake?"

*

Siku hizi, jioni mbili kwa juma, Ismenia anawaimbia wageni ng'ombe ambao hawapo tena. Anamwita Ahadi, aliyenasa kwenye tope la dimbwi mwaka wa ukame mkali, wakamvuta na farasi wawili bila mafanikio. Anamwita Mama Mkwe, aliyechukuliwa na mto akimfuata ndama wake. Anaeleza kwanza alikuwa ng'ombe wa namna gani na alikufaje, kisha anaimba jina lake kama zamani.

Halafu anangoja. Anangoja muda uleule ambao ng'ombe angetumia kutembea kutoka malishoni mpaka kwenye uzio. Hakuna kinachokuja. Ndipo anamwita mwingine. Asubuhi yake, anasema Fabián, wageni huzungumzia kule kungoja kuliko kuimba kwenyewe.

Yuko mmoja ambaye hamwiti, ingawa wimbo wake ni mzuri. Huyo ni Nimekoma, aliyeuzwa ili binti yake Ismenia amalize chuo cha uuguzi huko Yopal. "Aliyeuzwa si maiti," anasema. "Labda yuko kwenye shamba la mtu, amenenepa. Nani ajuaye anasikia nini?"

Mara ya kwanza alilia mbele za watu na akataka kuacha. Hakujua kama amebeba majina mengi hivyo. Sasa halii mara kwa mara, ingawa akimfikia Ahadi bado anahitaji maji ya kunywa.

Anayetaka kuona ukamaji wenyewe inambidi aamke. Wanaruhusiwa wanne tu kwa alfajiri, nyuma ya uzio wa pili, bila taa, bila manukato, na bila kupiga makofi. Wakati wa kifungua kinywa Ismenia huwaambia masharti mapya anayoyafikiria usiku. La karibuni ni kwamba mwenye mafua abaki kitandani.

Si wote waliofurahi. Mgeni mmoja aliandika mtandaoni kuwa El Mararay kuna onyesho la ng'ombe lisilokuwa na ng'ombe. Kampuni moja ya safari ilihamishia wateja wake kwingine. Lakini wanaokuja wanakaa siku nyingi zaidi, maana nafasi za alfajiri ni chache na kila mtu anangoja zamu. Dada zake Fabián wamempa mpaka mwisho wa mwaka.

"Sijui kama tutafika," anasema Fabián. "Zamani nilikuwa naogopa kukosa wageni. Siku hizi nikisikia yule wa kijivu ameitwa na hajaja, usingizi unaisha. Mama Ismenia ameniambukiza."

Sababu ya ndama kuachiwa maziwa yote ni hii. Ismenia aliita kwa uongo jioni nyingi, na sasa anaita kwa ukweli alfajiri nyingi, jina na ndama, jina na ndama, kama vile yule ni mtamba aliyezaa jana. Maziwa hayo hayaingii kwenye ndoo wala kwenye jibini. Crisanto anasema binamu yake analipa deni kwa ng'ombe, tena na riba.

"Na wewe unalipwa kufungua mlango," Ismenia anamjibu. "Fungua mlango."

*

Jumamosi iliyofuata wageni wanne wamesimama nyuma ya uzio wa pili. Wawili ni mtu na mkewe, walimu kutoka Medellín. Wamejifunika blanketi kwa sababu ya umande. Fabián yuko pamoja nao, mikono mfukoni.

Wivu amekamwa. Wambea amekamwa. Bibi Harusi amepiga teke ndoo, akatukanwa, akakamwa. Zimebaki ndoo mbili tupu karibu na lango, na Ismenia anavuta pumzi.

Anaimba ubeti wa kwanza. Kule kwenye birika la chumvi masikio yanageuka. Anaimba wa pili, hakazi sauti wala habembelezi, anaimba kama alivyowaimbia wengine. Yule wa kijivu anaacha kucheua.

Anapiga hatua, anasimama. Ismenia haongezi neno ambalo halimo kwenye wimbo. Crisanto ameshika komeo la banda na hajalivuta, mdomo wake uko wazi na tumbaku imezimika. Ng'ombe anatazama upande wa nyumba, penye viti vya jioni, kwa muda mrefu. Halafu anatembea mpaka langoni na kuingiza kichwa.

"Ndama," anasema Ismenia.

Komeo linalia. Ndama anatoka, anampata mama yake palepale mlangoni, anamsukuma kwa kichwa, na maziwa yanashuka. Yanasikika yakiingia kooni mwake. Ismenia anapiga magoti, anapitisha kiganja chini ya kiwele, chuchu moja baada ya nyingine, ile iliyougua akiigusa mara mbili. Kisha anachukua ndoo, anaipindua chini juu, na kukaa juu yake.

Fabián amesogea mpaka kwenye uzio. "Mbona hukami?"

"Leo hapana."

"Si amekuja?"

"Amekuja kuhakikisha. Nikimkama leo atasema nilimtaka kwa ajili ya ndoo." Anafuta uso kwa mkono wa blauzi na haoni haya kwamba watu wanaona. "Kesho nitamwita na ndoo yangu. Akikataa, nitarudi mikono mitupu na keshokutwa nitamwita tena."

Mwalimu kutoka Medellín anamuuliza mumewe kwa sauti ya chini kama huyo ndiye yule wa kwenye picha. Mumewe anaweka kidole mdomoni.

Jua lilipotoka Ismenia alieleza mipango yake huku akiosha ndoo. Msimu huu mitamba sita wanazaa kwa mara ya kwanza, na wote anataka wayajue majina yao kabla mvua haijafunga njia. Binti yake, yule muuguzi, ameomba likizo aje akae juu ya ndoo asikilize. Umri wa kujifunza umempita, anasema mama yake, lakini koo analo. Fabián naye amekubali kwamba jina la ng'ombe aliye hai halitaimbwa tena kwenye taa, hata wageni walipe nini.

Ismenia alipoulizwa kama hiyo si hasara, kwa kuwa wimbo wa yule wa kijivu ndio uliowapendeza watu kuliko nyimbo zote, alimwaga maji ya ndoo.

"Wageni wa jioni watausikia yule akifa," alisema. "Nikitangulia mimi, basi tena. Watakuwa hawana bahati."